Msafiri wa Mwezini Aliyeombewa Kanisani

Mimi nilisoma madarasa mawili, la tatu nililichungulia dirishani tu. Lakini kusoma najua, kuandika najua, na nyumba hii ya hapa Sakina, Arusha, niliijenga mwenyewe tofali kwa tofali, kwa hiyo sitaomba radhi kwa mtu nikieleza jambo ambalo wenye digrii wanalieleza vibaya. Wajukuu wangu wanaangalia televisheni. Huku watu wanapaa kwenda kwenye nyota, kule watu wanasalitiana ndani ya majumba ya vioo, na baba yao anawauliza wanapata raha gani kwenye uongo ule. Mimi najua wanapata raha gani. Nilijua nikiwa kijana, wakati wa Mwingereza, na kujua huko nusura kuninyime mke.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye shamba la kahawa la mlowezi mmoja, chini ya njia ya kupandia Nkoaranga. Kazi yangu ilikuwa mashine ya kumenya kahawa. Buni nyekundu zinaingia juu, maganda yanatoka huku, kahawa yenyewe inatoka kule ikiwa na utelezi, tunaiosha, tunaipeleka kwenye vichanja. Vichanja ni vile vitanda virefu vya waya ambavyo kahawa inaanikwa juani. Pale walisimama akina mama, pande zote mbili, wakichagua mbovu na kutupa. Kazi ya macho na vidole. Midomo ilikuwa haina kazi, na mimi ndiye niliyeipatia midomo hiyo kazi, au niseme masikio.

Nilikuwa na baiskeli. Niliinunua mwenyewe, na kijijini kwetu ilikuwa ya tatu. Jumamosi tukimaliza kazi adhuhuri nilikuwa napanda baiskeli hadi Arusha, maana mjini kulikuwa na jumba la sinema na Waafrika tuliruhusiwa maonyesho ya saa tisa, kwenye mabenchi ya mbele kabisa, shingo juu kama kuku anayekunywa maji. Walikuwa wanaonyesha picha moja iliyokatwa vipande vipande. Kila Jumamosi kipande kimoja, na kila kipande kilikatwa mahali pabaya, pale hasa moyo unapotaka kutoka. Ilikuwa hadithi ya watu wanne waliopanda chombo chenye umbo la risasi wakaenda mwezini.

Kiingereza sikijui hata leo. Ndiyo maana niliielewa ile picha kuliko makarani waliokaa pembeni yangu wakihangaika kusikiliza. Mimi niliangalia nyuso. Mtu mwenye hofu anaonekana. Mtu anayemficha mwenzake jambo anaonekana, hata awe Mzungu, hata awe mwezini. Na mimi ni mtu wa mashine, chombo chenyewe nilikijua siku ya kwanza: bati. Mlango wake ulikuwa na bawaba kama za ghala letu, na pembeni niliona kichwa cha msumari. Sasa niambie, kwa nini ule mlango ulipogoma kufunguka mikono yangu ilitoka jasho? Niliona msumari, na jasho likatoka hivyo hivyo. Hapo ndipo pana raha yenyewe. Hakuna aliyekudanganya, umejipeleka mwenyewe, unajua ni bati, na bado unaogopa kwa ajili ya mtu aliye ndani. Hakuna anayekwenda kuangalia chombo. Ukiondoa yule mtu, chombo ni pipa.

Jumatatu nilikuwa nawasimulia akina mama. Nyapara alinikataza wiki ya kwanza. Wiki ya pili aliona kwamba nikisimulia hakuna anayeondoka kwenye kichanja, hata kwenda kujisaidia, akaninyamazia. Wiki ya tatu alikuwa anasogea karibu, anajifanya anakagua waya.

Nilisimulia kwa Kimeru, na vitu visivyo na jina nilivipa jina. Chupa ya maji niliita kibuyu. Mavazi yao niliita magunia ya hewa. Kwenye kipande cha tano ikawa hivi: chombo kimeharibika, fundi wao ametoka nje kukitengeneza, na mkubwa wao, mtu mwoga mwenye mashavu ya mama mkwe, akawasha moto wakaondoka. Fundi akabaki mwezini peke yake. Akatembea. Akakaa chini, akatikisa kibuyu, hakuna kitu. Picha ikakatwa.

Mwisho wa kichanja cha mwisho alikuwa akisimama mama mmoja mtu mzima, mpole, asiyesema sana. Sisi wa upande huu wa Meru hatujui kiu. Mifereji inapita migombani, ukiinama umekunywa. Yule mama alizaliwa nyuma ya mlima, upande wa ukame, akaolewa huku. Siku ile aliacha kuchagua. Aliniuliza yule mtu amekaa siku ngapi bila maji. Nikamwambia kwenye picha hawakusema, lakini midomo yake ilikuwa imepasuka. Akauliza, imepasuka pembeni au katikati? Nikasema katikati. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye kahawa.

Kipindi hicho hicho mimi nilikuwa natangazwa. Kanisani kwetu ndoa inatangazwa Jumapili tatu. Mchungaji anasoma majina baada ya mahubiri, mwenye pingamizi aseme, na bila tangazo la tatu hakuna ndoa. Mchumba wangu alikuwa mwimbaji wa kwaya, mweusi wa kung'aa, mdomo kama wembe. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, wa kwanza kuezeka bati katika miteremko ile, mtu wa kuvaa koti hata jua likiwaka. Mimi sikuwa na baba wala shamba. Nilikuwa na baiskeli na mashine isiyo yangu. Mzee alikubali kwa shida, na nilijua anatafuta sababu.

Jumapili ya tangazo la pili, mwinjilisti aliuliza kama kawaida nani ana mgonjwa, nani ana msafiri, tumwombee. Yule mama wa kichanja cha mwisho akasimama. Akasema kuna msafiri yuko nchi ya mbali, wenzake wamemwacha, maji yamemwishia. Akakaa. Mwinjilisti akamwombea kwa dakika nyingi, kwa sauti, na kanisa zima likasema amina. Mimi nilikuwa benchi la nne. Nilihisi masikio yanawaka. Ningesimama? Sikusimama. Nilijiambia yamekwisha.

Hayakwisha. Kwetu mtu akiombewa kanisani hafanyiwi maombi matupu. Umoja wa akina mama unakwenda kwa watu wake na chochote kilichopo, kuwatia moyo. Jumanne, saa kumi jioni, nikiwa natengeneza mnyororo wa baiskeli mlangoni kwangu, niliona akina mama sita wanapanda ile njia yangu iliyosimama kama ukuta. Mmoja ana mkungu wa ndizi kichwani, wa pili ana kibuyu cha maziwa, na anayeongoza msafara ni mama mkwe wangu mtarajiwa. Walikuwa wanahema. Nikawaamkia shikamoo, wakaitika, nikawatolea kigoda na kirago. Mama mkwe akaniambia wameulizia kwa watu habari za yule msafiri, wakaambiwa mimi ndiye ninayemjua, basi niwaonyeshe nyumba ya mama yake wampe pole.

Ningeweza kusema uongo. Ningesema mama yake amehamia Moshi. Mimi sikulelewa hivyo.

"Mama," nikamwambia, "yule mtu hana nyumba. Anakaa kwenye picha, Arusha mjini."

Akaniuliza, picha gani. Nikaeleza. Nikaeleza mwezi, nikaeleza chombo, nikaeleza fundi. Yule mwenye mkungu alikuwa bado hajautua. Mwisho akasema, "Yaani shingo yangu hii nimeivunja kwa ajili ya mtu wa bati?" Wawili wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Waligeuka wakashuka na ndizi zao, na maziwa yao, na hata kirago hawakukikalia.

Jumapili iliyofuata mchungaji alisoma majina ya wachumba wengine. Yetu akayaruka. Kanisa lote liligeuka kuniangalia, na kwenye kwaya mchumba wangu alikuwa anaangalia kitabu cha nyimbo, kitabu kimepinduka.

Alinisubiri baada ya ibada nyuma ya darasa la shule ya kanisa. Sitasahau.

"Mimi nimetangazwa mara mbili," alisema. "Umewahi kuona msichana aliyetangazwa mara mbili akaishia hapo? Mimi sasa ni nguo iliyokatwa ikaachwa bila kushonwa. Nani atanivaa?"

Nikamwambia sikumtuma yule mama aombe.

"Hukumtuma. Ulimsimulia mpaka akasimama. Ungesimulia vibaya kidogo ungekuwa umeshaoa."

Nikiri jambo moja. Nilikuwa na hatia, nilikuwa na hofu ya kumpoteza, na juu ya hayo yote ile sentensi ya mwisho ilinifurahisha.

Baraza la wazee wa kanisa liliniita Alhamisi. Walikaa darasani, kwenye mabenchi ya watoto, magoti yamefika kifuani, watano na mchungaji. Baba mkwe mtarajiwa ndiye aliyesoma shtaka. Kwamba nimelifanya kanisa liombee kitu kisichopo, kwamba sinema ni shule ya uongo, kwamba mtu anayepoteza Jumamosi yake kule hawezi kulea nyumba. Wakataka niape mambo mawili: sitasimulia tena, na sitaingia tena kwenye lile jumba. Nikiapa, Jumapili nasomwa. Nisipoapa, natengwa na Meza ya Bwana, na ndoa imekufa.

Niliwaambia la kwanza naweza, kazini nitafunga mdomo. La pili siwezi.

"Huwezi au hutaki?" aliuliza mzee mwenyewe.

"Baba, nikiapa leo, Jumamosi ya keshokutwa au ya mwezi ujao nitakwenda. Najijua. Nitakuwa nimewaapia uongo humu ndani, na huo ndio mtakuwa mmenifunza ninyi, sinema haikunifunza."

Mmoja alikohoa. Mzee akasema basi binti yake atatangazwa na mtu mwingine. Nilisimama. Nilikuwa nimeshashika mlango mchungaji aliponiambia nikae. Mchungaji yule alikuwa mtu mnene, mwenye subira. Aliwauliza wazee ni nani kati yao ameiona hiyo picha. Hakuna. Akasema kesi ya ng'ombe mtu huenda kumwangalia ng'ombe. Mmoja wao aende Jumamosi na kijana huyu, aangalie kwa macho yake, alete habari kabla ya ibada. Wakatazamana. Wote wakamtazama baba mkwe, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na shaka kwamba huyo hatalainika.

Kwa hiyo Jumamosi nilimbeba mzee wa kanisa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, amevaa koti na kofia, mkono mmoja kwenye kofia na mwingine umeshika mkanda wangu. Tulipofika Tengeru tulishuka tukakokota. Hakuniambia neno njia nzima isipokuwa mara moja, kwamba nyuma pamelegea na nikaze nati.

Ndani, taa zilipozimwa mchana kweupe, alivua kofia. Nikamwona anafumba macho, midomo inacheza. Anasali. Nikajua nimekwisha. Picha ikaanza, hakuangalia. Baadaye kidogo akafungua jicho moja.

Fundi alikuwa anatambaa kwenye vumbi la mwezini. Gunia lake la hewa limechanika begani. Akakaa, akatoa sindano na uzi, akaanza kushona, taratibu. Alishona muda mrefu. Hakuna mlio, hakuna bunduki, mtu anashona tu, na jumba zima, Wahindi juu na sisi chini, hakuna aliyetafuna karanga. Kisha akaona pango. Akaingia. Mwisho wa pango, kwenye jiwe, kuna kitu kinang'aa kinadondoka. Akanyoosha mkono, na maandishi yakajaa kwenye kitambaa cha picha. Taa zikawaka.

Watu walisimama kwa wimbo wa Malkia. Mzee hakusimama mpaka nilipomgusa. "Mbona wamekata?" aliniuliza. Nikamwambia ndivyo ilivyo, hadi Jumamosi nyingine. "Wanaruhusiwaje kufanya hivyo?" Nikasema sijui. Mkono wake ulikuwa juu ya goti langu na alikuwa bado hajagundua.

Tulirudi tukapita mashamba yote. Karibu na kuiacha barabara kubwa, nyuma yangu, sauti ikasema, "Yule fundi ana mke?"

"Sijui baba. Hawajaonyesha."

"Anaye," akasema. "Mtu asiye na mke hashoni namna ile. Amefundishwa." Baada ya mwendo kidogo akaongeza, "Na yule mkubwa wao aliyemwacha, nani amempa ukubwa?"

Nilikaza kanyagio ili asinione nikitabasamu, ingawa alikuwa mgongoni kwangu na asingeniona hata hivyo.

Asubuhi ya Jumapili tulikaa tena kwenye mabenchi ya watoto. Safari hii mchungaji alikuwa amemwita pia yule mama wa kichanja cha mwisho. Alisimama karibu na ubao, amefunga kitambaa chake kipya, mikono imeshikana. Mzee akatoa habari. Alisema picha ni kazi ya mikono, chombo ni bati, yeye mwenyewe ameona misumari. Alisema watu wote waliokuwa mle ndani wanajua hivyo na hakuna aliyeibiwa akili. Halafu akasema, na hapa sauti yake ilishuka, kwamba mle ndani amekaa na watu asiowajua, Wapare, Waarusha, Wahindi, na wote walimwonea huruma mtu mmoja kwa wakati mmoja, na kwamba hilo yeye amelitafuta katika usharika huu miaka mingi.

Mchungaji akamgeukia mama. Akamuuliza kwa upole kama alijua kwamba yule msafiri ni mtu wa picha.

"Nilijua," alisema mama. "Kijana huyu alisema kila siku, kwenye picha, kwenye picha. Waliopanda na ndizi hawakuja kuniuliza mimi, waliulizana wao."

"Sasa mama, uliomba nini?"

"Niliombea kiu, mchungaji. Huruma ilikuwa imeshaingia. Ningeipeleka wapi?"

Kisha, kama mtu aliyemaliza la kwake, akamgeukia mzee. "Wewe umetoka huko jana, baba. Alipata maji?"

Mimi nilikuwepo. Niliona mkono umenyooshwa na maandishi yamejaa. Hakuna aliyejua, labda huko walikotengeneza picha. Mzee alimtazama yule mama, akatazama kofia yake iliyokuwa gotini. Huyu ndiye mtu aliyenisomea shtaka la uongo.

"Alipata," akasema. "Yalikuwa ya baridi."

Wazee wote wanne wakashusha pumzi pamoja, nikajua kwamba mmoja mmoja walikuwa wameshasimuliwa na wake zao, na wake zao walisimuliwa kwenye vichanja. Mama akasema ashukuriwe Mungu. Lakini mchungaji hakuwa mjinga. Akanigeukia mimi, mtu aliyejisifu wiki ile ile kwamba haapi uongo.

"Ndivyo?"

Nikisema siyo, nimemvua nguo baba mkwe mbele ya baraza, na huyo mke nimuage. Nikisema ndiyo, nimesema uongo mbele ya mtumishi wa Mungu. Nimejenga nyumba, nimezika wazazi, nimefukuzwa kazi mara mbili, sijawahi kufikiri haraka kama siku ile.

"Mchungaji," nikasema, "mzee ameona mengi kuliko mimi. Mimi niliona picha, yeye ameona hadi kwamba fundi ana mke."

Mchungaji akaniangalia, akamwangalia mzee, mzee akawa anapangusa vumbi kwenye kofia ambayo haikuwa na vumbi. Akafunga daftari lake akasema kengele imeshapigwa, twende ibadani.

Jina langu lilisomwa baada ya mahubiri, la mwisho kwenye orodha, na la mchumba wangu baada yake. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Alingoja, na mimi nilihesabu pumzi zangu. Mama mkwe alikohoa, moyo ukasimama, kumbe ni kikohozi tu.

Mlangoni tulipotoka, mzee alinishika mkono kando ya watu. "Jumamosi unipitie mapema," alisema kwa sauti ndogo. "Nimeshasema kitu, sasa lazima nijue."

Binti yake alikuwa nyuma yetu na kitabu cha nyimbo kwapani, na alisikia. Akamwambia baba yake kwamba yeye ametangazwa mara tatu, kiti cha nyuma cha baiskeli hiyo kina mwenyewe, na mzee mwenye koti zuri namna ile anaweza kabisa kupanda basi.